Neno la Mhariri: Nani Aliilisha Ngome?

Jeshi la kigeni likishika mji, ulizia kwanza linakula kwa nani. Bunduki huja na meli, lakini nafaka, maji na kuni hutoka kwa wenyeji. Toleo hili linazungumzia maasi dhidi ya ngome na maboma, na dai letu ni hili: mengi ya maasi hayo yaliamuliwa ghalani.

Tazama Mombasa. Wareno walirudi Fort Jesus Machi 1728, takriban miaka 30 baada ya kung'olewa na Waomani. Mwaka uliofuata, mwezi Aprili, wenyeji wakachoshwa na jeuri yao, wakaizingira ngome. Kuta zile zilijengwa kuhimili mizinga. Waliozizingira hawakuhitaji kuzibomoa, kwa kuwa njaa ilipenya palipozuiwa na mawe. Novemba 26, 1729 Wareno wakasalimu amri, na Mombasa hawakuitawala tena.

Mahenge mambo yakaenda kinyume. Agosti 30, 1905 wapiganaji wa Majimaji waliliendea boma la Wajerumani kwa wingi, wakafyekwa na bombomu. Kisha mkoloni akaigeuza njaa kuwa silaha yake: akachoma vijiji, mazao na maghala ya kusini. Makadirio ya waliokufa katika vita ile huanzia 75,000 hadi 300,000, na walio wengi waliuawa na njaa, si risasi.

Kwetu Unyaturu husimuliwa habari za Liti, mwanamke aliyewapiga Wajerumani kwa nyuki. Leo uwanja wa mpira wa Singida una jina lake. Wapo wanaoicheka habari hiyo kama ngano ya kulaza watoto. Sisi tunaona ina hoja ileile ya Mombasa: mgeni anaweza kuwa na silaha nzito, lakini nchi, nyuki wake na uwele wake vinamjua mwenyewe. Na anayevilea, mara nyingi, ni mwanamke ambaye vitabu vya vita havimtaji.

Kwa hiyo, wasomaji wa Sepuka, Ihanja na Puma, mkikaa na wazee msiishie kuuliza nani alipigana. Ulizeni askari walilishwa na nani, nafaka ilifichwa wapi, na nani alikataa kutoa. Yaandikeni mtakayosikia, mtuletee tuyachapishe.