Salamu za Krismasi Kutoka Ughaibuni

Ifikapo wiki ya tatu ya Desemba, mitaa ya Eastlands huanza kuhama. Kutoka Kayole, Umoja, Dandora na hapa kwetu Buruburu, watu humiminika katika kituo cha mabasi cha Machakos wakiwa na magodoro, watoto na vifurushi vya unga wa ngano, huku nauli ikipanda bila haya. Desemba iliyopita nilikuwa katika msafara huo nikielekea Kisii. Kiti cha pembeni alikalia binti mmoja aliyewahi kuishi Kayole. Alikuwa na siku nne tangu arejee kutoka Saudia, alikofanya kazi za nyumbani kwa miaka miwili.

Basi lilipoteremka Mai Mahiu tulikipita kile kikanisa kidogo kilichojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Kwa mazoea ya mwalimu asiyejua kunyamaza, nilimweleza kwamba wajenzi wale nao walikula Krismasi ugenini, tena bila kupenda. Alicheka, kisha akanisimulia zake.

"Mwalimu, kule tarehe 25 ni siku ya kazi kama nyingine," alisema. Siku hiyo alikuwa ameosha vyombo vya wageni hadi usiku wa manane. Faraja yake ilikuwa msichana wa Kiganda aliyefanya kazi nyumba ya jirani. Walikuwa wakionana juu ya paa wakianika nguo. Siku hiyo waligawana pakiti ya biskuti, wakaimba kwa sauti ya chini, kila mmoja akashika ndoo yake.

Kabla hatujafika Narok, simu yake ililia. Alikuwa mama yake. "Ndiyo mama, kule tulikula Krismasi vizuri sana," akasema. Alipokata simu hakunitazama.

Sikumlaumu, kwa kuwa nami nimewahi kuyasema hayo hayo. Mwaka 2008 nilikuwa Leipzig, Ujerumani, nikiandika tasnifu yangu ya uzamifu. Sikujua kwamba tarehe 24 mchana maduka hufungwa na kwamba siku mbili zinazofuata zote ni sikukuu. Nilibaki na mchele na kitunguu kimoja katika bweni tupu. Waliniokoa wasafiri wenzangu: Mtanzania wa Tanga aliyekuwa na maharagwe, na Mkongo wa Bukavu aliyeiita siku hiyo Noeli na aliyekuwa na kuku. Usiku kucha tuliambizana kweli tupu: baridi, upweke, madeni, profesa asiyejibu barua. Asubuhi nilimpigia mama simu Makadara nikamwambia huku ni raha mustarehe.

Neno letu ughaibuni linatokana na ghaibu, yaani kutokuwapo. Ghaibu hiyo hiyo ndiyo tuitumiayo tunaposema mtu amesoma jambo kwa ghaibu, bila kutazama kitabu. Naona maana hizo mbili zinakutana katika simu za Krismasi. Asiyekuwapo huwakariria walio nyumbani maneno aliyokwisha kuyahifadhi. Kweli huwabakizia wasafiri wenzake, ambao hawana haja nayo kwa kuwa wanaijua.

Hili si jambo dogo. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9. Pesa hizo zimejenga nyumba na kulipa karo, wala mimi siwaombi vijana wakae nyumbani. Lakini binti yule aliniambia kwamba mdogo wake amekwisha kuchukua pasipoti. Yote ayajuayo kuhusu Saudia ameyapata kwa simu.

Sisi walimu tumechangia. Kila Januari tunawaagiza wanafunzi waandike insha kuhusu likizo, na mtoto wa Kayole ambaye hakutoka ploti yao anatuletea safari ya ndege hadi Mombasa, jua likitabasamu. Tunampa alama kwa methali na tamathali. Mwenzake aliyeandika kwamba nauli ilikosekana, wakala sukuma na kabeji wakisikiliza redio ya jirani, tunamwandikia kwa wino mwekundu kwamba lugha yake haina mnato. Nimefanya hivyo miaka mingi, na nimewafunza walimu wengine wafanye vivyo hivyo.

Januari ijayo nitaanza kusahihisha kwa namna nyingine. Na yule binti, aliposhuka Keroka, nilimsihi amweleze mdogo wake habari za paa na biskuti kabla ya sikukuu kwisha. Alisema atajaribu.