Ukimya Haumo Kwenye Hati Miliki

Basi la wauza ploti huondoka Nairobi asubuhi, likapita Mlolongo na Athi River, likaiacha Mombasa Road na kuingia Kinanie kama saa nne, jua likiwa bado na adabu. Abiria wamepewa soda. Wanashushwa penye vigingi, upepo unavuma nyikani, ng'ombe wawili watatu wanakula nyasi kwa mbali, na dalali ananyoosha mikono: "Sikieni." Hakuna cha kusikia. Hapo ndipo mtu aliyelala miaka kumi juu ya baa huko Umoja anapotoa simu na kutuma dipoziti.

Alichosikia ni majirani ambao hawajafika.

Nimechoka na imani hii kwamba ukihama mbali unapata vitu vitatu kwa bei ya kimoja: kimya, faragha na unafuu. Nimeisikia kwenye chama, kwenye harusi, hata matangani, mtu akifuta machozi huku akimweleza mwenzake bei ya ploti. Na kila mara anayeieneza bado anaishi mjini.

Tuanze na kelele. Ploti ya hamsini kwa mia, kwa futi, ni mita 15 kwa 30 hivi. Mita 15 ni hatua ishirini za mtu mzima. Aliyenunua ploti ya pili humjui, na mkataba wako hausemi neno juu yake. Anaweza kujenga nyumba ya vyumba vitatu akapanda waridi. Anaweza pia kufuga kuku elfu moja, kufungua karakana ya kuchomelea mageti, kuweka mashine ya kufyatua matofali, au kusimamisha kanisa la mabati lenye spika nne na mkesha kila Ijumaa. Yeye naye alishushwa na basi lile lile akaambiwa "sikieni", akasikia nafasi ya kupiga kelele bila kusumbua mtu.

Tena nyika ya Athi ina hila yake. Haina msitu wa kuivunja sauti, na usiku, ardhi inapopoa kuliko hewa iliyo juu yake, sauti ambayo mchana ingepaa ikapotea huinamishwa irudi chini. Ndiyo maana lori linalobadilisha gia barabarani saa nane za usiku husikika mahali ambapo adhuhuri usingejua kuna barabara. Basi la ploti haliendi huko saa nane za usiku.

Shemeji yangu alihamia upande huo kutoka mtaa wa Pipeline, Nairobi, ambako alikuwa akilala fofofo katikati ya maghorofa, redio za watu na honi za matatu. Sasa mbwa mmoja humwamsha. "Kule kelele ilikuwa ya wote, shemeji," aliniambia. "Huyu mbwa ni wangu peke yangu."

Mtu atasema sheria ipo. Ipo kweli. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, zinataka kelele nje ya nyumba za makazi isizidi desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wa kanuni hizo huanza saa mbili. Desibeli 35 si mbali na mnong'ono. Lakini kanuni huhitaji watu wa kuzitumia: chama cha wakazi, mwenyekiti asiyeogopa kupiga simu, majirani kumi wa kutia sahihi barua moja. Mahali ambapo nyumba tatu zimejengwa kati ya ploti mia, mwenyekiti ni nani?

Jirani mkubwa kuliko wote, hata hivyo, hakujificha. Serikali imetenga ekari 500 papo hapo Kinanie kwa ajili ya mji wa viwanda vya ngozi, chini ya mamlaka ya EPZ. Mimi siupingi. Vijana wa Mavoko, eneo lenye Kinanie hii, wanataka kazi, na tumeuza ngozi ghafi nje kwa muda mrefu mno. Ila viwanda vya ngozi huja na malori, majitaka na harufu, na harufu haisomi ramani ya mpimaji. Dalali anaujua mradi huo vizuri. Anakusifia utulivu, kisha kabla hajameza mate anaongeza kwamba viwanda vinakuja na bei itapanda. Chagua moja, ndugu yangu. Unauza makazi au unauza ujirani wa kiwanda?

Kuhusu faragha nina maoni ambayo shemeji hakuyapenda. Mtu wa Pipeline ana faragha kuliko mtu wa nyikani. Ndani ya umati hakuna anayehesabu unatoka saa ngapi. Huku Kinanie mwendesha boda anajua siku uliyonunua televisheni kwa sababu aliibeba yeye. Fundi anajua dirisha lipi halina vyuma. Nyumba iliyo peke yake kwenye uwanda mtupu huonekana taa yake ikiwaka, na huonekana isipowaka. Ndipo unapojenga ukuta, na ukuta wa mawe kuzunguka hamsini kwa mia ni futi 300 ukitoa geti. Dalali hakuutaja. Miaka michache baadaye jirani anaamua kujenga fleti za ghorofa nne za kupangisha, na wapangaji wake wanaanika nguo wakikutazama unavyokunywa chai uani.

Nayo bei? Tuseme nauli ni shilingi 150 kwenda na 150 kurudi, siku 22 kwa mwezi. Hiyo ni 6,600 kwa mwezi, 79,200 kwa mwaka, na kwa miaka kumi 792,000. Kwa mtu mmoja. Mkiwa wawili mnaofanya kazi Nairobi, mmezidi milioni moja na nusu bila kugusa saruji. Ile barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022 huanzia Mlolongo, kwa hiyo foleni ya kufika Mlolongo ni yako bure. Kuna boza la maji, kwa sababu visima vingi vya ukanda huu hutoa maji ya chumvi yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Kuna udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka ukikauka, ambao fundi mwaminifu atauchimba mpaka afikie mwamba, na kila futi ni pesa.

Sijagusa hati. Mavoko haijasahau Oktoba 2023, matingatinga yalipobomoa nyumba kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland, na watu waliolipa kwa jasho wakabaki wamesimama juu ya kifusi.

Simwambii mtu asiende Kinanie. Wapo waliokwenda wakijua wanachofuata, wakajenga polepole, wana embe na wajukuu uani, na siwezi kuwabishia. Ugomvi wangu ni na yule anayekimbia kelele anayoijua, yenye saa zake na mwenyewe wa kulaumiwa, akaenda kulipia kelele ambayo bado haijazaliwa. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Ikiwa umeshawishika kwenda, usipande lile basi. Nenda na matatu Jumamosi jioni, ulale kwa mtu, uamke saa nane za usiku utoke nje usikilize. Jumatatu yake fika ofisi ya mipango ya kaunti ya Machakos uulize ardhi inayopakana na yako imetengewa matumizi gani, na ni nani ameomba kuyabadilisha. Dipoziti iache kwenye simu mpaka upate jibu.