Bonn Ilipoikasirikia Dar es Salaam

Mwishoni mwa Februari 1965, wakufunzi wa urubani kutoka Ujerumani Magharibi walifunga virago na kuondoka Dar es Salaam, kazi yao ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Walikuwa wamekuja kusaidia kuunda kikosi cha anga cha jeshi jipya la Tanzania, lililoanzishwa Septemba 1964 baada ya lile la zamani kuasi Januari ya mwaka huo na kuvunjwa. Hawakuwa wamegombana na wenyeji wao, wala fedha hazikuwa zimekwisha. Kosa la Tanzania lilikuwa moja: iliiruhusu Ujerumani Mashariki kufungua ubalozi mdogo mjini Dar es Salaam.

Kisa hiki hakitajwi sana siku hizi. Vita Baridi ikisimuliwa, msomaji hupelekwa Berlin, Cuba na Vietnam, na Afrika ikitokea huonekana kama uwanja ambamo Marekani na Urusi zilikuja kuchezea. Simulizi hiyo inawapunja Waafrika mara mbili. Inawanyima sifa kwa waliyoyaamua vizuri, na papo hapo inawavua lawama kwa maovu waliyoyatenda wenyewe. Pwani ya Afrika Mashariki ina ushahidi wa yote mawili.

Mzizi wa ugomvi ule ulikuwa Ulaya. Baada ya Ujerumani kugawanywa vipande viwili, serikali ya Ujerumani Magharibi, yenye makao yake Bonn, ilijitangaza kuwa msemaji pekee wa Wajerumani wote, na tangu 1955 ikawa na msimamo wa kukata uhusiano na nchi yoyote itakayoitambua serikali ya Ujerumani Mashariki, iliyokuwa Berlin Mashariki. Yugoslavia iliadhibiwa 1957, Cuba ikafuata 1963. Nchi changa za Afrika, zenye uhaba wa fedha na wataalamu, zilitarajiwa kuogopa bila kuhitaji kuonywa.

Zanzibar haikuogopa. Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yalipoiangusha serikali ya Sultani, mwezi mmoja tu baada ya uhuru, Uingereza na Marekani zilisitasita kuitambua serikali ya Sheikh Abeid Amani Karume hadi wiki ya mwisho ya Februari. Kambi ya kikomunisti haikungoja. Kwa Ujerumani Mashariki, iliyokuwa ikibisha hodi barani Afrika bila kufunguliwa, Zanzibar ilikuwa ushindi ambao haikuwahi kuuota: nchi ya kwanza ya Kiafrika kuitambua rasmi. Balozi alitumwa, na baada yake wakaja wahandisi na mipango ya nyumba za ghorofa za Kikwajuni na Kilimani. Wamarekani nao walikuwa na chao kisiwani. Huko Tunguu kilikuwapo kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury, ule uliompeleka John Glenn kuizunguka dunia mwaka 1962. Karume alitaka kiondoke, na mwaka huohuo wa 1964 kikafungwa.

Muungano wa 26 Aprili 1964 ukaleta fumbo la kidiplomasia. Tanganyika ilikuwa na uhusiano na Bonn, Zanzibar ilikuwa na uhusiano na Berlin Mashariki, na sasa zimekuwa nchi moja. Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa nchi hiyo mpya, alihangaika na jambo hilo kwa miezi, akabanwa na Karume kwa upande mmoja na mabalozi wa Magharibi kwa upande mwingine. Suluhisho lake lilikuwa la kati: ubalozi wa Ujerumani Mashariki Zanzibar ufungwe, na badala yake uwepo ubalozi mdogo Dar es Salaam usio na hadhi ya kutambua taifa. Ofisi ya namna hiyohiyo ilikuwa Cairo tangu 1959, na Bonn ilikuwa imeivumilia.

Bonn haikuivumilia ya Dar es Salaam. Iliondoa msaada wa kijeshi, ikidhani bila shaka kwamba tishio la kupoteza misaada mingine lingemrudisha Nyerere kwenye mstari. Jibu lake lilikuwa kuwaambia Wajerumani wachukue na hiyo mingine yote iliyotoka serikalini mwao.

Uamuzi ule ulikuwa na gharama, na haifai kuufanya uonekane rahisi. Nchi iliyokuwa na wahandisi na madaktari wa kuhesabika ilikataa wataalamu waliokuwa tayari kazini, na hasara ile ilimfikia mwananchi aliyekuwa akingoja mradi ukamilike. Hata hivyo Nyerere alikuwa sahihi. Kama Dar es Salaam ingeruhusu Bonn ichague ni nani afungue ofisi mjini humo, siku ya pili London ingeichagulia msimamo kuhusu Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na siku ya tatu Washington ingechagua ni wapigania uhuru gani wapewe kambi. Ofisi ya Wajerumani ilikuwa jambo dogo, na ndiyo sababu shinikizo la Bonn lilifaa kupingwa pale, kabla ya makubwa kuja.

Makubwa hayakuchelewa. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Desemba Tanzania ikavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu Uingereza ilishindwa kuwazuia. Mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 ukasimamishwa. Kwa pengo la Wajerumani, Kanada ilikuja kuwafunza marubani. Kwa reli ya kuiunganisha Zambia na bahari, ambayo Benki ya Dunia ilikuwa imeikataa kwa hoja kwamba hailipi, China ilitia saini mwaka 1967 na kutoa mkopo usio na riba wa yuani milioni 988. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi zilijengwa kati ya 1970 na 1975, na zaidi ya Wachina sitini walifia kazini. Marekani, isiyotaka kuachwa nyuma, iligharamia kwa wingi barabara ya lami iliyofuata karibu njia hiyohiyo. Ushindani wa wakubwa ulizaa reli na barabara kwa pamoja, kwa sababu kila upande ulijua kwamba mwenyeji ana uwezo wa kusema hapana. Wachina nao hawakuja bila sharti: gharama za ndani za ujenzi zililipwa kwa kununua bidhaa za China, na ndiyo maana maduka ya Tanzania na Zambia yalijaa vitu vyao miaka ile. Lakini sharti lilijulikana, na kila mwenye duka aliliona kwenye rafu zake.

Na Bonn? Desemba 1972 ilitia saini mkataba wa uhusiano na Berlin Mashariki, na Septemba 1973 Ujerumani zote mbili zikaingia Umoja wa Mataifa siku moja. Jambo ambalo Tanzania iliadhibiwa kwalo mwaka 1965, Bonn yenyewe ililifanya kabla ya miaka minane kutimia. Yeyote anayeshauriwa leo kuipanga sera ya nchi yake kwa hasira ya mfadhili aikumbuke tarehe hiyo.

Upande wa pili wa kisa unauma zaidi. Ujerumani Mashariki iliyojenga nyumba za Zanzibar ndiyo pia iliyosaidia kuwafunza maofisa wa usalama wa visiwa hivyo, na watu wengi wa Unguja na Pemba waliishi miaka mingi wakiwaogopa. Mwaka 1969 wanasiasa wawili wa Zanzibar, Abdullah Kassim Hanga, aliyesoma Moscow, na Othman Shariff, aliyekuwa balozi wa Tanzania mjini Washington, walikabidhiwa na serikali ya Bara kwa wenzao wa Zanzibar. Waliuawa huko. Mmoja alihesabiwa kuwa mtu wa Mashariki na mwingine hakuwa, lakini kaburi halikuwabagua. Hakuna ushahidi kwamba Moscow au Washington iliagiza vifo hivyo. Vilikuwa uamuzi wa Waafrika dhidi ya Waafrika, na Nyerere, aliyesimama wima mbele ya Bonn, alibeba sehemu yake ya dhamana kwa kuwatoa.

Kenya ilionja sumu hiyohiyo kwa namna yake. Mwanasiasa Tom Mboya alipanga ndege za kuwapeleka vijana kusoma Marekani kuanzia 1959, na mwenzake Jaramogi Oginga Odinga akawapeleka wengine Moscow, Prague na Berlin Mashariki. Kama mambo yangeishia hapo, Kenya ingevuna wasomi wa pande zote mbili. Lakini ugomvi wa ardhi na madaraka ulivishwa nguo za kigeni. Mbunge Bildad Kaggia alipodai ardhi kwa wasio nayo, aliitwa mkomunisti, kana kwamba njaa ya shamba katika Murang'a ilihitaji kuletwa kutoka Urusi. Februari 1965, mwezi uleule wakufunzi wa Kijerumani walipoondoka Dar es Salaam, Pio Gama Pinto, mbunge na mshirika wa Odinga, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi. Mboya aliuawa Julai 1969. Oktoba mwaka huo Rais Jomo Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ambayo wakazi wanaiita Russia hadi leo. Yeye na Odinga wakarushiana maneno hadharani, fujo zikazuka, na walinzi wa rais wakafyatua risasi kwa umati. Chama cha upinzani cha Odinga kilipigwa marufuku, naye akatiwa kizuizini.

Kinachotenganisha visa hivi ni mahali ugomvi ulipokaa. Mwaka 1965 serikali ya Tanzania iliuweka nje, mezani mbele ya mabalozi, ikaeleza hadharani ilichokataa na kwa nini. Zanzibar na Nairobi uliingizwa ndani, ukawa fimbo ya kumpigia mpinzani.

Swali la mahali pa kuuweka ugomvi wa namna hiyo limerudi. China imekubali kuifufua TAZARA, ile reli ya Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa mpango wa takriban dola bilioni 1.4, huku Marekani na Umoja wa Ulaya zikiisukuma reli ya Lobito, nchini Angola, ili shaba ya Kongo na Zambia iende Atlantiki. Aliyekuwa Rais wa Marekani, Joe Biden, alifika Angola Desemba 2024 kuipigia debe. Wakubwa wanashindana tena kwa reli, na hilo ni nafasi kwa Tanzania, Zambia na Kongo kama zitaitumia kudai masharti bora.

Nafasi hiyo haitumiki gizani. Mkataba wa TAZARA unapaswa kufika bungeni Dodoma na Lusaka ukiwa kamili: nani anakusanya nauli na ushuru wa mizigo, kwa miaka mingapi, wafanyakazi wa sasa wa reli wanabaki au wanaondoka, na mgogoro ukizuka unaamuliwa mahakama gani. Mbunge atakayeuliza maswali hayo asiitwe kibaraka wa Marekani, na atakayeunga mkono mradi asiitwe wakala wa China. Mkulima wa Makambako anayesubiri behewa la kubebea mahindi yake ana haki ya kuwasikia wote wawili hadi mwisho.