Makazi au Kambi?

Hivi majuzi, katika shule moja ya sekondari mjini Mbarara, tulipitia daftari la insha lililokwisha kusahihishwa na mwalimu mwenzetu. Mwanafunzi alikuwa ameandika: "Likizo ilipofika nilirudi nyumbani Nakivale." Neno nyumbani lilikatwa kwa wino mwekundu, na juu yake pakaandikwa kambini. Alama moja ikapunguzwa.

Mwenzetu alijitetea kwamba ndivyo watu wasemavyo. Ni kweli, hata wakazi wenyewe husema hivyo, na eneo lao moja huitwa Base Camp. Lakini mazungumzo ya njiani ni jambo moja, na kalamu ya mwalimu ni jambo jingine. Mtoto hakukosea sarufi wala msamiati. Aliyekosea ni msahihishaji.

Katika maandishi ya serikali Nakivale si camp, bali ni settlement. Yafaa tulichungulie neno hilo. Shina lake ni setl la Kiingereza cha kale, maana yake kiti au mahali pa kuketi. Baadaye lilichanganyika na neno jingine la kale, sehtlian, yaani kupatanisha, ambalo halikuwa la ukoo wake. Sauti zilifanana, maana zikavaana. Ndiyo sababu leo neno hilo moja hulipa deni, humaliza kesi, na hueleza hata tope linapotuama chini ya mtungi. Wazungu waliotwaa nyanda za juu za Kenya nao waliitwa kwa neno hilohilo, settlers. Kiswahili hakikuwaita wakazi; kiliwaita walowezi. Hapo lugha yetu ilipambanua jambo ambalo Kiingereza kililifunika.

Nasi tunalo kaa. Twakaa kitini, na twakaa Mbarara. Humo mna kikao, makao, mkazi na makazi. Mwingereza wa kale na Mswahili, pasipo kushauriana, walianzia mahali pamoja: penye kuketi. Kwa nini basi mwalimu aache tafsiri iliyo karibu hivyo, aende kuazima kambi?

Na kambi yasema nini? Katika Kiingereza cha kale camp lilikuwa pigano, nalo lilitokana na campus la Kilatini, uwanja. Maana ya mahema ilikuja baadaye kwa njia ya Kifaransa. Kwetu kambi ni ya jeshi, ni ya timu inayongojea mechi, ni ya vijana wakati wa likizo. Ni mahali ambapo siku ya kuondoka yajulikana tangu siku ya kuingia. Nakivale ilitambuliwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya Wanyarwanda. Wakaja baadaye Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Watu wamepewa ardhi, wakalima mahindi na maharagwe, wakaoa, wakazaa, wakazika. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na kutembea nchini. Wilaya ya Isingiro yenyewe, iliyomegwa kutoka Mbarara, ni changa kuliko Nakivale!

Wapo wanaotuonya kwamba neno makazi linaipamba dhiki: mgao wa chakula umepunguzwa, na mashamba wanayogawiwa wageni wapya ni madogo kuliko yale ya zamani. Hoja hii twaiheshimu kuliko ile ya mwenzetu. Hata hivyo, mwenye njaa naye ana kwake. Njaa na iitwe njaa. Neno kambi halijamwongezea mtu kibaba cha unga. Bali humpa mwenye mamlaka udhuru, kwamba vya kambini ni vya muda, basi darasa la turubai latosha, na mwalimu wa kudumu wa nini?

Alama ya mtoto yule tumeirudisha. Mwenzetu hajaridhika, na ubishi ungali unaendelea katika chumba cha walimu. Kwa wenzetu watakaosahihisha insha muhula ujao tuna ombi moja: wakikuta "nyumbani Nakivale", waupishe mstari huo, waende kutafuta makosa mahali pengine.