Vijana wa Tana Wafundishwe Kazi ya Serikali



Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Garsen haijafika hata leo. Basi sisi wa reli twajua ni watu gani walioachwa njiani.

Kijana wa Kipokomo, wa Kiorma au wa Kimunyoyaya akienda chuo kikuu, ukoo mzima huchanga. Akihitimu aweza kuomba mafunzo ya Serikali ya miezi 12, yenye posho. Ni jambo jema, lakini halimwahidi kazi. Miezi ikiisha, aweza kurudi nyumbani na cheti tu.

Fundi hafanywi hivyo. Mwanagenzi hulelewa karakana mpaka akabidhiwe kazi.

Twataka Serikali iwachague vijana hawa wangali chuoni, iwalipie karo, iwaweke ofisini wakati wa likizo, na wakifuzu iwaajiri. Nao watie sahihi kuwatumikia watu kwa miaka kadhaa. Mto ulipofurika mwaka 2018 na 2023, afisa ajuaye lugha na vijiji vya Tana alikuwa na thamani kubwa.

Wengine watasema huu ni upendeleo. Sivyo. Mtihani waufanya ule ule. Katiba ya 2010, kifungu cha 56, yaiagiza Serikali kuzipa jamii zilizoachwa nyuma nafasi za pekee katika elimu na kazi. Wala si jambo geni: mwaka 1961 Chuo cha Utawala kilifunguliwa Kabete kuwafundisha Waafrika kazi za utawala.

Kila tawi na liliseme jambo hili mkutanoni.