Waacheni makocha warushe taulo

Jumamosi usiku, kwenye ngumi za kulipwa hapa Dar es Salaam, kocha alirusha taulo ulingoni raundi ya saba na ukumbi mzima ukamzomea. Bondia wake, kijana wa uzito mwepesi, alikuwa amebanwa kwenye kamba, mikono imeshuka, anapokea makonde bila kujibu. Chupa za maji zikaruka. "Umeuza pambano!" Jamaa aliyekaa nyuma yangu akanigonga bega: "Kaka Shomari, muandike huyo mwoga wiki hii."

Namwandika. Alifanya kazi yake, na mliomzomea ndio mliokosea.

Nilimgeukia yule jamaa nikamsimulia habari za Leavander Johnson wa Atlantic City, Marekani. Aliingia ngumi za kulipwa mwaka 1989. Mara tatu aliwania ubingwa wa dunia wa uzito mwepesi, kilo 61.2, na mara tatu akapigwa. Juni 2005, mjini Milan, akamshinda Stefano Zoff na kuuvaa mkanda wa IBF akiwa na miaka 35. Miaka 16 ya kuusotea! Septemba mwaka uleule akapanda ulingoni Las Vegas kuutetea mbele ya Jesús Chávez, akachakazwa mpaka mwamuzi alipokomesha pambano raundi ya 11. Alishuka kwa miguu yake mwenyewe, akazidiwa chumba cha kubadilishia nguo. Damu ilikuwa imevujia kwenye ubongo. Siku tano baadaye akafariki. Kocha kwenye kona yake alikuwa baba yake mzazi.

Kama jicho la mzazi linaweza kuchelewa, lako wewe uliyelipa kiingilio linaona nini?

"Hiyo ni Marekani," akanijibu, macho kwenye simu. Nikachungulia: mkeka wake wa kubeti ulikuwa umechanika. Ushujaa aliokuwa akiudai kwa kelele ulikuwa hela yake aliyoiweka kwenye mwili wa mtoto wa mwenzake. Huko ndiko zomeazomea hii inakotoka, na inazidi kila mwezi.

Lililoniudhi kupita yote ni mshereheshaji aliyeshika kipaza sauti na kumkejeli kocha mbele ya watu. Mapromota, huyo mnamlipa nyinyi. Mnyamazisheni kabla ya pambano lijalo.