Hema juu ya gari: Kikomo cha uzito kielezwe wazi

Katika miaka ya karibuni, imekuwa jambo la kawaida kuyaona katika barabara ya Isiolo kwenda Marsabit magari ya kukodi yaliyofungwa hema juu ya paa. Wageni, na Wakenya vilevile, huyaendesha wenyewe mchana, na usiku ukiingia huikunjua nyumba yao na kulala juu, mbali na nyoka na fisi. Biashara hii ina manufaa yake, wala sina nia ya kuibeza. Hata hivyo, ipo hatari ambayo yafaa aelezwe kila anayekabidhiwa ufunguo, nayo ni uzito uliowekwa mahali pabaya.

Kosa lenyewe huanzia katika fikira. Mtu huona kwamba paa limewahimili watu wazima wawili usiku kucha, akahitimisha kwamba litahimili chochote. Sivyo. Gari likiwa limeegeshwa, paa hubeba uzito uliotulia. Likiwa mwendoni, kila shimo na kila kona huuzidisha uzito huo. Ndiyo sababu watengenezaji huweka kikomo cha mwendoni kilicho kidogo mno kuliko cha gari lililosimama. Kwa magari mengi kikomo hicho ni kilo 100 hivi, na aghalabu keria yenyewe huhesabiwa humo.

Hebu tupige hesabu. Hema la kawaida lina kilo 60 hivi. Keria ya chuma ikiwa na kilo 30, zimebaki kilo 10. Mtungi mmoja wa maji wa lita 20 umekwisha kuvuka mpaka, na bado tairi la akiba halijapandishwa.

Athari zake ni tatu. Kwanza, kitovu cha uzito hupanda, na gari huwa rahisi kupinduka. Ikumbukwe kwamba katika kona ile ile, mwendo ukiongezwa maradufu, nguvu inayolisukuma gari nje huwa mara nne. Pili, kuna upepo. Anayechepuka Laisamis kuelekea Loiyangalani huingia katika eneo ambalo upepo wake huzungusha mitambo 365 ya umeme, iliyozinduliwa rasmi mwaka wa 2019. Upepo wa namna hiyo hauwezi kuliacha salama hema lililopanda mita mbili juu ya ardhi. Tatu, mikunjo ya barabara ya changarawe hulegeza nati za keria kidogo kidogo, dereva asitambue.

Dawa yake si ngumu. Vitu vizito viwekwe chini ndani ya gari na vifungwe imara. Nati zikaguliwe kila asubuhi. Mwendo upunguzwe kabla ya kona, si ndani yake. Nao mwendo ambao sheria inaruhusu kwa magari madogo katika barabara kuu ni upeo, si amri.

Wapo watakaosema kwamba dereva ni mtu mzima na ajichunge mwenyewe. Hoja hii ingekuwa na mashiko iwapo dereva angeambiwa. Kikomo cha paa hupatikana katika kitabu cha maelezo, na gari kuukuu lililoagizwa kutoka Japani huweza kuja na kitabu cha Kijapani, au lisije nacho kabisa. Maelezo yasiyosomeka ni sawa na kimya. Kwa hivyo, serikali iwashurutishe wakodishaji kubandika karibu na usukani, kwa Kiswahili na Kiingereza, kilo zinazoruhusiwa juu ya paa na kilo ambazo hema na keria zimekwisha kuchukua. Gharama yake ni kipande cha karatasi tu.

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mkodishaji anayebaki Nairobi hauhisi uzito wa paa hilo. Anayeuhisi ni dereva aliye katikati ya kona, wakati ambapo maelezo hayamfai tena.